Miguu ya Mtoto na Maneno ya Watu

Masomo: Hosea 11:1–4, Mt. Yohana 9:1–7

Kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Amina.



Leo nataka kusema nanyi juu ya jambo ambalo labda hamkutazamia kulisikia katika mahubiri, nalo ni miguu ya watoto wetu wadogo. Najua wengine watacheka. Lakini wako mama katika mtaa wetu ambao hawacheki hata kidogo wakimtazama mtoto aanzaye kusimama, nao wakaona miguu yake imepinda kama upinde. Hao hulia usiku. Nami nina sababu ya kuwasemea, kwa kuwa nilipata kumkosea mmoja wao, tena hapa hapa mlangoni pa kanisa.

Jumapili moja baada ya Misa alinijia bibi mmoja pamoja na mke wa mwanawe. Mama huyo alikuwa amempakata mtoto wa kike wa mwaka mmoja na miezi minne. Bibi akalifunua vazi la mtoto, akanionyesha miguu. Mtoto akisimama, vifundo vya miguu viligusana, lakini magoti yaliachana kiasi cha kupitisha ngumi. Usiku walikuwa wakimfunga miguu pamoja kwa kipande cha kanga ili inyooke, na ngozi ilikuwa imekwisha kuchubuka. Bibi akasema, "Padri, mtoto huyu amebemendwa. Utuombee. Lakini kwanza huyu hapa aseme alilolifanya."

Nami, badala ya kumtazama mtoto, nilimtazama mama yake. Nikamwuliza kama analo neno la kuungama. Yule mama aliinamisha kichwa, akakaa kimya, kisha akasema, "Na wewe pia, Baba?" Akamfunika mtoto wake, akaenda zake.

Ndugu zangu, jioni ile niligundua kwamba nimeuliza swali lile lile waliloliuliza wanafunzi wa Bwana wetu walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu. Walitaka kujua mwenye kosa ni nani, ni yeye mwenyewe au ni wazazi wake. Yule kipofu alikuwa ameketi mbele yao, mtu mwenye jina na mwenye njaa, nao wakamfanya kuwa hoja ya kujadiliana. Bwana Yesu akakataa majibu yote mawili. Alisema kwamba si huyu wala si wazazi wake. Kisha akainama, akafanya tope, akampaka macho, akamtuma aende kunawa katika birika la Siloamu. Angalieni vema: hakuishia kuwakanya wanafunzi tu. Alitia mkono kazini, tena akamtuma yule mtu mahali pa kwenda.

Basi mahubiri yangu ya leo ni hayo mawili tu. La kwanza, tuache kutafuta mwenye dhambi. La pili, tujue la kutenda na mahali pa kwenda.

Nianze na hilo neno la kubemenda, maana sote tunalijua, Wakristo kwa Waislamu, kuanzia Kilwa yetu mpaka Rufiji na Dar es Salaam. Husemwa kwamba mtoto anyonyaye akikonda, au akichelewa kutembea, au miguu yake ikikosa nguvu, basi wazazi wamevunja mwiko wa kitanda. Au baba ametoka nje, au mama ametoka nje. Mara nyingi lawama humwangukia mama. Sitasema kwamba wazee wetu walikuwa wajinga. Walitaka mtoto anyonye muda wa kutosha kabla mimba nyingine haijaingia, na hilo ni jema. Walitaka pia watu wa ndoa wawe waaminifu, na hilo ni amri ya Mungu. Uzinzi ni dhambi, na mwenye kuutenda na atubu. Lakini dhambi hiyo haipindi mfupa wa mtoto. Mungu wetu si mwenye kuilipiza zinaa ya mtu mzima katika muundi wa mtoto mchanga.

Tazameni madhara ya usemi huo. Mama akiisha kusikia maneno hayo, huona haya kwenda kliniki, kwa kuwa akina mama wenzake wataangalia miguu ya mtoto, kisha wataangaliana wao kwa wao. Sisi wa Nangurukuru tunakaa njia panda. Gari la Dar es Salaam linapita, la Lindi linapita, na la kwenda Kivinje na Masoko linakata kona hapa. Lakini maneno ya watu hupita upesi kuliko magari hayo yote. Kwa hiyo mama humficha mtoto uani, na yule aliyekuwa na haki ya kutazamwa na muuguzi hatazamwi na mtu.

Sasa niwaambie yale niliyofundishwa na wauguzi na madaktari, maana nilipoona kosa langu nilikwenda kuwauliza.

Mtoto tumboni mwa mama yake hukaa amejikunja, miguu imekunjwa na kupishanishwa, kwa kuwa nafasi ni ndogo. Kwa sababu hiyo watoto karibu wote huzaliwa na miguu iliyopinda kidogo. Aanzapo kusimama, kadiri ya mwaka mmoja hivi, tege huonekana zaidi, nasi hushtuka. Kumbe miguu iko njiani. Kwa watoto wengi, wafikapo karibu miaka 2, tege limekwisha. Kisha huja ajabu nyingine: kwenye miaka 3 au 4 magoti huelekea ndani na kugusana, na vifundo huachana, hata mama aliyekuwa akilia juu ya tege sasa hulia juu ya magoti yanayogongana. Hayo nayo hupita, na mtoto akifika miaka 7 hivi miguu yake huwa na umbo lake la kudumu. Ndivyo Muumba alivyopanga. Kama vile meno ya utotoni yanavyoota na kung'oka kwa wakati wake, ndivyo na miguu inavyopinda na kunyooka kwa wakati wake.

Kwa hiyo, mtoto wa mwaka mmoja na nusu ambaye miguu yake yote miwili imepinda sawasawa, ambaye hana maumivu, anacheza, anakula, na kadi yake ya kliniki inaonyesha anakua vizuri, huyo hana haja ya dawa, wala hirizi, wala kamba. Ana haja ya kungojewa.

Najua mtaniambia, "Padri, wazee walisema samaki mkunje angali mbichi." Ni kweli walisema, lakini walisema juu ya tabia. Mtoto umfundishe adabu na sala angali mdogo. Hawakusema juu ya mifupa. Ukimfunga mtoto miguu kwa nguvu unazuia damu, unamtia vidonda, na waweza kuteguza nyonga zake. Ukiivuta miguu kwa nguvu waweza kuuvunja mfupa. Kumkanda mtoto taratibu kwa mafuta ya nazi baada ya kumwogesha si vibaya. Ni upendo, na mtoto hulala vizuri. Lakini mkono wa kukanda usiwe mkono wa kukunja chuma. Tena mbeleko haina kosa. Kumbeba mtoto mgongoni, miguu ikikumbatia kiuno cha mama, hakuleti matege. Na mtoto akitaka kusimama mwenyewe, asizuiwe, asipotaka, asilazimishwe.

Lakini sipendi mtu aondoke hapa akisema, "Padri amesema matege si kitu." Sikusema hivyo. Yako matege ambayo ni ugonjwa, nayo yana alama zake. Zishikeni alama hizi, hasa ninyi akina mama wa Umoja wa Mama, mkawafundishe na wengine:

Mguu mmoja umepinda na mwingine haukupinda, au mmoja umezidi sana kuliko mwenzake.

Tege linazidi badala ya kupungua, baada ya mtoto kutimiza miaka 2.

Mtoto amefika miaka 3, na miguu bado imepinda kwa nje.

Mtoto anachechemea, au analia akikanyaga.

Mtoto ni mfupi sana kuliko wa umri wake, amechelewa kutembea, au vifundo vya mikono yake vimekuwa vinene, au mbavu zake zina vinundu.

Ukiona moja la hayo, usingoje. Nenda zahanati, na huko ukiandikiwa barua ya kwenda hospitali ya Kinyonga pale Kivinje, au Lindi, au Dar es Salaam, uende. Na mtoto aliyezaliwa nyayo zimegeukia ndani, ambazo huitwa nyayo za kifundo, huyo asingojewe hata kidogo. Apelekwe katika majuma ya kwanza. Yako matibabu yaliyoanzishwa na Dk. Ignacio Ponseti huko Iowa, Marekani: nyayo hurudishwa taratibu kwa mkono na kufungwa plasta, ambayo hubadilishwa kila juma, na watoto wengi hutembea vizuri bila upasuaji mkubwa. Matibabu hayo yanapatikana katika nchi yetu.

Mtauliza, kama si dhambi ya wazazi, ugonjwa wenyewe hutoka wapi? Sababu ni zaidi ya moja. Ya kwanza ni mifupa kulainika kwa kukosa vitamini D au madini ya kalsiamu. Vitamini D mwili huitengeneza wenyewe ngozi ipigwapo na jua. Wala tusidhani kwamba ugonjwa huu ni wa Waafrika. Mwaka 1650 daktari Mwingereza, Francis Glisson, aliandika kitabu kizima juu yake, na baadaye, moshi wa makaa ya mawe ulipolifunika jua katika miji ya viwanda ya Ulaya, watoto wengi sana walipindika miguu. Mwaka 1919 Edward Mellanby alionyesha, kwa kuwalisha mbwa, kwamba mafuta ya ini la samaki yanauzuia ugonjwa huo. Na wakati huo huo huko Berlin daktari Kurt Huldschinsky aliwaponya watoto wanne kwa kuwaangazia taa iliyo na nuru mfano wa ile ya jua. Nabii Malaki aliufananisha wokovu na jua linalochomoza likileta uponyaji. Jua lenyewe sisi wa pwani tumepewa bure, tena kwa wingi. Lakini mtoto akifungiwa ndani siku zote, amefunikwa asionekane na jicho la mtu, hata hapa Kilwa aweza kulikosa. Tazameni jinsi uoga wetu unavyoweza kumletea mtoto ugonjwa ule ule tunaouogopa.

Na jua peke yake halitoshi kama chakula ni uji mtupu. Kule Nigeria, nchi ya jua kama yetu, madaktari waliona watoto wenye mifupa laini kwa sababu chakula chao kilikosa kalsiamu. Sisi tunayo dagaa, ambayo huliwa na mifupa yake. Isagwe, itiwe katika uji. Tunao ufuta, ambao watu wa mkoa wetu wa Lindi huuza kwa magunia. Tubakize kibaba kimoja cha watoto kabla ya kupeleka mnadani. Maziwa na mayai yakipatikana, mtoto apewe kabla ya mgeni.

Sababu nyingine ni maji. Huko Arusha, katika miteremko ya Mlima Meru, yako maji yenye floridi nyingi mno, ambayo hutia meno rangi ya kahawia na kuwapinda watoto wengine miguu. Je, tuseme wazazi wote wa kule ni wazinzi? Hasha. Ni maji waliyokunywa. Na iko sababu nyingine, ugonjwa uitwao Blount, ambao sehemu ya ndani ya mfupa wa muundi, chini ya goti, huacha kukua sawasawa na upande wa nje. Huo ukitambuliwa mapema, mtoto huweza kufungwa vyuma vya kumsaidia, na akihitaji upasuaji, hufaa zaidi ukifanywa angali mdogo, kabla ya kutimiza miaka 4.

Nataja miaka hiyo kwa uchungu. Namjua mtoto wa kiume, si wa mtaa huu, ambaye mguu wake mmoja ulianza kupinda alipokuwa na miaka 2. Wazazi walimficha. Wakaenda kwa mwaguzi mmoja, kisha kwa mwingine, kila mmoja akiwatajia mwenye kosa mpya. Mara mama, mara shangazi, mara jirani. Walimaliza fedha, wakamaliza na undugu. Walipofika hospitali mtoto alikuwa amepita miaka 5, na daktari aliwauliza neno moja tu: "Mlikuwa wapi?" Mtoto alipasuliwa, naye anatembea, lakini kwa taabu kuliko ambavyo ingekuwa. Hakuna aliyewaambia wale wazazi mapema kwamba hawana hatia. Laiti wangeambiwa, wangekuja mapema.

Na kwa yule ambaye miguu yake haitanyooka kabisa, Neno la Mungu lina habari zake. Katika kitabu cha pili cha Samweli tunasoma juu ya Mefiboshethi, mwana wa Yonathani. Alikuwa na miaka 5 yaya wake alipomchukua mbio kukimbia vita, akaanguka, akalemaa miguu yote miwili. Maandiko hayana neno hata moja la kumlaumu yule yaya. Baadaye mfalme Daudi alimtafuta huyo mtu, akamketisha mezani pake siku zote. Hatusomi kwamba Daudi aliinyosha miguu yake. Tunasoma kwamba alimpa kiti. Ndugu, tunavyo viti vya namna hiyo katika nyumba zetu? Au mtoto mwenye matege hupewa jina la kuchekwa, akaitwa kwa jina hilo mpaka uzeeni?

Sasa nirudi kwa yule mama niliyemkosea. Baada ya juma moja nilikwenda nyumbani kwake. Kwa kuwa nilimwaibisha mbele ya mtu, nisingeweza kutubu kwa siri. Nilimwomba radhi mbele ya mumewe na mbele ya mama mkwe wake. Nikajua siku hiyo kwamba mumewe alikuwa hali tena chakula alichopika mkewe. Yule mama alinipa kigoda, akasema tu, "Nimesikia, Baba." Kesho yake alikwenda kliniki, na bibi akafuatana naye. Muuguzi alimtazama mtoto, akampima, akasoma kadi, akaifungua kanga, akatia dawa penye vidonda, akasema, "Huyu ni mzima. Msimfunge tena. Mrudi baada ya miezi mitatu."

Sasa yule mtoto amepita miaka 2 na nusu. Jumapili iliyopita wengi wenu mlimwona akikimbia katikati ya kanisa wakati wa sadaka, na bibi yake akimkimbilia nyuma. Miguu yake ilinyooka yenyewe, kwa kukua. Jina la mama yake halikunyooka lenyewe. Hilo lilitutaka sisi tuliolipinda tulinyoshe, kwa kusema wazi kwamba tulikosa. Yeye ameniruhusu niseme haya leo, nami namshukuru.

Nabii Hosea anatuonyesha Mungu katika umbo la mzazi. Anawaongoza watu wake kama mtu amfundishaye mtoto kwenda, akimshika mikono, kisha anainama kumlisha. Fikirini hatua za mtoto aanzaye kutembea. Ni fupi, zinayumba, anaanguka, anainuka. Ajabu ya Mungu ni kwamba hakututangulia mbali akatuita wavivu. Aliinama, akatembea kwa mwendo wetu. Tena sisi tuliopinda si miguu bali mioyo, hakutufunga kwa kamba. Alitungoja.

Basi, ninyi waume, msiwaulize wake zenu maswali ya waganga wa ramli. Wapelekeni kliniki, tena mkabebe mtoto ninyi wenyewe, watu wawaone. Ninyi mabibi, mikono yenu imelea watu wengi. Itumieni kukanda kwa upole na kuandaa uji wenye dagaa. Ninyi Umoja wa Mama, mkimsikia mama ananong'onwa, mwende kwake siku hiyo hiyo, hata kama si wa kanisa letu. Na mimi Padri wenu, nikiletewa mtoto tena, nitamtazama mtoto.

Tuombe.

Ee Mungu Baba yetu, uliyemtuma Mwana wako atembee duniani kwa miguu ya mtoto, uwalinde watoto wetu wanaojifunza kusimama. Uwape wazazi wao saburi ya kungoja na ujasiri wa kwenda wanapopaswa kwenda. Uwabariki wauguzi na madaktari. Utusamehe sisi tulionena vibaya juu ya mama wasio na hatia, utunyoshe ndimi zetu. Kwa ajili ya Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.